Goti Lililolazimisha Mlango

Mtaani walimwita Bei Moja kwa sababu hajawahi kuwa nayo. Miaka arobaini aliuza milango na madirisha yaliyotumika, na kila mteja alitoka kwake akiamini kwamba yeye ndiye aliyemlalia. Ila siku alipoliona tela lao la zamani nyuma ya gereji moja, limegeuzwa banda la kuku, alilipa alichotajiwa bila kubisha. Mkewe aliposikia hivyo, alimgusa paji la uso aone kama ana homa.

Tela hilo walilitengeneza wenyewe, wawili, mwaka wa kwanza wa ndoa. Lilikuwa kitanda juu ya magurudumu mawili, limevikwa bati jepesi, mbele mviringo na nyuma limechongoka kama tone la maji. Kupata vipimo alimlaza mkewe juu ya plaiwudi, naye akajilaza ubavuni pake, wakajichora kwa penseli. Hawakuongeza hata inchi moja; mbao zilikuwa ghali, na wao walikuwa wembamba. Kila likizo walilivuta hadi ziwani. Alipozaliwa mtoto wa tatu, wakaliuza.

Sasa alikaa nalo uani miezi minne. Alibandua bati akakuta mbao zinamomonyoka kama biskuti. Ubavu mmoja tu ulikuwa mzima, akauchukua kama kiolezo cha kukatia mwingine. Akapiga msasa, akapaka vanishi, akazunguka kwa wauza vyuma chakavu hadi akapata kitasa cha aina ileile. Mkewe alimletea chai huku akilalamika kwamba yeye hajawahi kupapaswa kwa subira namna ile.

Wiki ya safari ya kurudi nalo ziwani ilipofika, mkewe alijaribu kuingia. Goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki tangu alipoanguka ngazini. Akatanguliza makalio, akakwama katikati ya mlango, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Kisha akajichomoa, akajipangusa gauni.

"Nenda tu, baba watoto. Utaniletea picha."

Bei Moja akasema ataweka kistuli. Mkewe akakataa. Akaahidi mkanda wa kujishikilia, akakataliwa tena. Akahamia kwenye godoro la kuteleza, vile alivyozoea kumchosha mteja. Dawa aliijua: kuupanua mlango kuelekea nyuma, yaani kukata ule mpindo wa tone la maji ambao ndio uliokuwa uzuri wote wa tela.

"Mimi si mteja wako," mkewe akasema. "Ukitaka nilale humo, mlango upanuliwe. Basi."

"Nikilikata, mama, halitakuwa lile tena."

"Kwani mimi ni yule? Mbona hujanipeleka gereji?"

 Bei Moja alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa akalitazama tela, hasa ule mpindo, muda wa kutosha chai kupoa. Halafu akachomeka msumeno wa umeme.

Mlango mpya aliutoa stoo kwake, mlango wa kabati la jiko la watu, rangi ya kijani. Ulikaa pale kama kiraka kwenye suti. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza nani kaligonga tela.

Mkewe aliingia mguu umenyooka, akajilaza chali, akapiga dari kwa kifundo cha kidole.

"Zamani lilikuwa chini hivi?"

"Hivihivi."

"Tulikuwa na wazimu," akasema, akasogea ukutani ampishe.