Mududu kwa Pua ya Mukubwa

Mimi hapa munaponiona na kilemba changu kirefu, bibi wa mutoto wa iniversite, kuna Jumamosi moja nilitamani udongo wa Kindu unimeze na viatu vyangu, na mpaka leo nikikutana na Mama Sikujua kwa njia ya soko ninajifanya kukohoa.

Aziza, mujukuu wangu, alikuwa anasoma mambo ya wadudu kule Kisangani (ndiyo, wadudu, kuna walimu wanalipwa kwa hiyo kazi, mimi sikuuliza), na mvua za kwanza zilipoanguka alikuja kwangu na apareyi ya picha, akawa anatambaa ndani ya mihogo yangu tumbo chini, anapiga panzi, anapiga vunjajungu, anapiga hata mende wa choo. Kimoja tu kilimushinda: kipepeo kikubwa cheusi chenye mistari ya kijani. "Bibi, bila hicho kazi yangu haitimii, na pelikule, mukanda wa picha, ni hii moja." Kisha akaenda Kailo kusalimia mujomba wake, apareyi akaiacha mezani. "Usiiguse, Bibi."

Sikuigusa. Niliivaa tu. Ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka njia, kartie nzima, mutaa wote, inakusanyika, na mimi nikasema, wacha wanawake wa hapa waone mujukuu wa nani anatembea na kitu gani.

Basi tunafyeka. Mbele yangu Mama Sikujua, muke wa shefu wa kartie, ameinama, amejifunga kikwembe cha chama, kile chenye sura ya Mukubwa wa inchi, moja kwa tumbo na moja nyuma (na kwa namna Mungu alivyomubariki yule mama, Mukubwa wa nyuma alikuwa amevimba mashavu). Na kipepeo cha Aziza njo hicho kinakuja, kinazunguka, kinatua pale pale kwa pua.

Nikasahau miaka yangu, nikapiga magoti, jicho ndani ya apareyi, na yule mama akaanza kunyooka. Nikapiga kelele, na lile neno la Serikali la kumuitia kila mwanamuke: "Citoyenne, usitikisike! Mududu iko kwa Mukubwa!"

Kupekupe zote, panga zetu za kufyekea, zikasimama. Mimi nikafinya: kwaa.

"Amesema nini?"

"Anasema Mukubwa njo mududu."

"Nani?"

"Bibi Mwavita! Anamupiga picha kwa matako!"

Mpaka neno linafika kwa shefu, kule mwisho wa njia, mimi nilikuwa nimekwisha kupindua Serikali. Akaja mbio, abakosi, ile koti ya watu wa Serikali, imelowa jasho. "Citoyenne Mwavita, umepiga picha ya nini?"

"Ya kipepeo, shefu."

"Kiko wapi?"

Kilikuwa kimeruka. "Kiko ndani ya apareyi."

"Kitoe, tukione."

Hapo mutu mwenye akili angesema sijui. Mimi? Mbele ya wanawake wale wote? Nikavuta kila kidude mpaka mugongo wa apareyi ukafunguka, nikaitoa pelikule juani kama mutumbo wa kuku. Shefu akaigeuza juu na chini. "Hakuna Mukubwa, hakuna mududu," akapumua, "hakuna kesi." Akaniachia nifyeke kipande cha kila mutu peke yangu, na mimi nilifyeka nikicheka.

Aziza aliporudi jioni ile, kicheko kilikwisha. "Bibi, panzi, vunjajungu, wote walikuwa humu. Jua limewaunguza." Hakulia, afadhali angelia. Nikamueleza yote, na nilipofika mahali kipepeo kilitua, akainua kichwa.

"Mama Sikujua alikuwa na jasho?"

"Kama mutungi."

"Vipepeo vinakunywa jasho, Bibi. Vinatafuta munyu. Kitarudi."

Kwa hiyo asubuhi, mimi na kilemba changu, nikapiga hodi kwa shefu, nikaomba kikwembe cha jana, na tafadhali kisifuliwe. Mama Sikujua alinitazama mpaka nikahisi niko uchi. "Nitakileta mwenyewe," akasema. "Lakini sura inageuzwa ndani."

Tukakitandika juu ya mihogo, sura ndani, jasho nje, tukalala tumbo chini sisi watatu, Mama Sikujua akinifinya paja kila nikifungua kinywa. Na kipepeo kikaja, Aziza akakifunika na chandarua. Kilikwenda Kisangani ndani ya sanduku, pamoja na panzi wapya.

Apareyi nimewaachia vijana. Na siku hizi mududu akitua kwa pua ya mukubwa yeyote, mimi ninaangalia majani, ninafyeka.