Tawi la Kumrudisha Nyumbani

Mume wangu alifia Kalahari, lori lake lilipopinduka. Mwili tuliuzika Soweto, lakini kaka yake akasema roho imebaki kule barabarani, na kwao mtu wa namna hiyo hufuatwa kwa tawi la mti wa miiba. Anayelibeba husema na marehemu tu, akimweleza kila hatua ya safari. Mtu mwingine yeyote hamsemeshi mpaka wafike. Mimi ni mtu wa Morogoro, ndiko tulikokutana akiwa uhamishoni, na mambo ya matawi sikuyazoea. Lakini tangu msiba sikuwa nikilala vizuri. Nikasema twende.

Nilishika usukani wa pikapu, shemeji kando yangu, binti yetu nyuma. Penye ajali shemeji alishika tawi, akasema na mdogo wake kwa Kizulu; sisi wengine hakutusemesha tena. Nakiri nilifurahi kidogo. Shemeji yangu huyu mdomo haufungi hata matangani, na sasa askari wa barabarani anamsalimu, yeye anatazama mbele tu. Ikabidi nijieleze mimi.

Giza lilitukuta mbali na mji wowote, tukapiga hema porini, kwenye mchanga mwekundu. Ni mchanga uleule mume wangu aliokuwa akiniletea sebuleni na viatu vyake vya kazi, na tuligombana kwa ajili yake miaka yote ya ndoa. Tawi tuliliweka kwenye kiti cha kukunja, karibu na moto. Binti akaweka kikombe cha chai mbele yake, wala hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi tukakunja hema, tukaondoka. Tulikuwa tumeshafika kwenye lami shemeji alipoanza kugonga dashibodi, akaonyesha tawi, kisha akaonyesha tulikotoka. Nikaelewa. Alisahau kumwambia mdogo wake kwamba tunaondoka. Niliwaka, nikamwambia kwamba kazi yake ilikuwa hiyo moja tu. Petroli yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Lakini nilipomfikiria mume wangu amekaa peke yake kwenye majivu, nikageuza gari.

Pale kambini shemeji alifungua mdomo, sauti ikakataa. Akalia, mtu mzima yule. Akanikabidhi tawi, ingawa kwao hiyo si kazi ya mke.

"Mume wangu," nikasema, "tulikuacha. Sasa twende nyumbani."

Binti yetu hunijibu kwa Kiingereza tangu aanze shule, hata nimsemeshe Kiswahili namna gani. Siku hiyo alifungua mlango wa gari, akasubiri.

"Baba, panda," akasema.

Shemeji akaendesha. Mimi nilimtajia mume wangu kila daraja na, tulipoingia Johannesburg, kila roboti, ndivyo waitavyo taa za barabarani huku, iliyotuwakia nyekundu. Getini majirani walinisalimu, sikuwaitikia. Nilimbeba mpaka mlangoni, nikasimama.

"Tumefika," nikamwambia. "Leo ingia na viatu vyako."