Chungu cha Susu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, pale Garissa, nilitunga uongo mmoja mdogo, na Jumapili iliyofuata nikausikia ukitangazwa madhabahuni kama ufunuo.

Mama alikuwa muuguzi, na tulikaa katika nyumba za wafanyakazi. Baba alifundisha Mandera, akija likizo tu, kwa hiyo mama yake, tuliyemwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, alitoka Mwingi kuja kutulea. Susu alikuwa Mkristo wa kuamka alfajiri kuomba, lakini bundi akilia alichota jivu jikoni na kulirusha nje ya mlango, akimwambia ndege apeleke habari zake kwingine. Mama alikuwa amepoteza mimba mbili, na sasa alikuwa na ya tatu. Jivu lile lilimkera, ila hakuwahi kusema.

Ndipo akaja nabii. Kanisa letu lilikuwa la mabati, na waumini wake karibu wote ni watu waliofuata kazi kule, walimu, wauguzi na askari. Mgeni yeyote mwenye Biblia tulimpokea kama ndugu. Huyu alikuja na mkewe, mwanamke mpole aliyejitolea kusuka wasichana bure. Zamu yangu ilipofika nilikaa katikati ya magoti yake, naye akaanza maswali. Mama anaendeleaje? Na nyanya, huwa anafanya nini? Nikamsimulia habari za jivu. Mikono yake ikasita kichwani mwangu, na kwa kuwa nyumbani hakuna aliyenisikiliza kiasi hicho, nikaongeza chumvi. Nikasema Susu alizika chungu chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba. Kina nini ndani? Jino la ngamia, nikasema. Asubuhi ile nilikuwa nimeona mifupa ya ngamia njiani.

Jumapili nabii alifumba macho, akayumba, akasema anaona mwarobaini. Anaona chungu. Anaona mikono ya mwanamke mzee ikifunga tumbo la binti wa Mungu aliyeketi safu ya pili. Mama ndiye aliyekuwa safu ya pili, na alianza kulia. Kwanza nilifurahi, nilidhani labda nilisema kweli bila kujua. Hofu ilikuja baadaye, njiani.

Baada ya ibada kanisa zima lilikuja kwetu na jembe. Susu alikuwa amebaki nyumbani kwa sababu ya goti lake. Aliwakaribisha akidhani wamekuja kumjulia hali, akaanza kutoa viti.

Jirani yetu Halima, ambaye sisi watoto tulimwita Eeddo, shangazi kwa Kisomali chake, alisimama kwenye ua wake akatazama.

"Nyinyi natafuta nini hapo?" akauliza. "Mbuzi yangu nalala hapo kila siku. Habana kitu."

Wakaanza kuchimba. Jembe halikuchimba sana kabla ya kugonga kitu. Kilitoka chungu kidogo cheusi, mdomo umezibwa kwa kitambaa chekundu. Kilifika pale lini, sijui mpaka leo. Watu wakapiga kelele za kukemea. Mama akamgeukia Susu, na usoni mwake nikaona kwamba Susu asingelala kwetu tena.

Nikamvuta gauni. "Mama, mimi ndiye niliyesema. Nilidanganya."

"Nyamaza."

"Nilimwambia mke wa nabii kuna jino la ngamia ndani. Nilitunga tu."

Mama alikuwa mtu wa wodi, aliyezoea kungoja majibu ya maabara kabla ya kutaja ugonjwa. Akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mtoto wangu anasema chungu hiki alikitunga yeye mbele ya mke wa nabii, na kwamba ndani kuna jino la ngamia. Kifungueni."

Nabii alitaka kichomwe vilevile kilivyo. Mama akakichukua kwa mikono yake mwenyewe, akachana kitambaa, na jino likaanguka mchangani, la manjano na kubwa.

Kisha nabii akasema, kwa upole sana, kwamba sasa tumeona jinsi nyanya alivyokwisha kumfundisha mtoto kazi yake. Na watu wakaitikia amina.

Mdogo wangu alizaliwa salama. Kanisani wakasema chungu kimetolewa, tumbo limefunguka, na nabii akaalikwa tena. Mama hakurudi pale. Alimpigia Susu magoti kumwomba msamaha, na Susu akamsamehe, lakini wanawake walikuwa wakimkwepa sokoni, naye akafunga mizigo yake akarudi Mwingi. Nilimlilia kwa wiki nzima.

Siku hizi vijana wa kanisa ninaloabudu huniuliza namna ya kumtambua mwalimu wa uongo. Huwaambia wamtazame anayeulizauliza habari za nyumba za watu kabla ya ibada, na anayekataa kitu kifunguliwe hadharani. Ni jibu zuri, wanaliandika, lakini mimi halinitoshi. Susu hakuniuliza hata mara moja kwa nini nilimtaja yeye. Nilikuwa na watu wengi wa kuwasingizia. Nilimchagua yeye kwa sababu, kwa miaka yangu tisa, nilikuwa nimeshajua kwamba bibi kizee akiitwa mchawi hakuna atakayedai ushahidi. Hilo sikufundishwa na nabii. Lilikuwapo kanisani kwetu kabla hajafika.