Ukurasa wa Hamu

Nilijifunza kuchora kwa kunakili vitabu vya watoto vya mitumba, vile vinavyotandazwa juu ya turubai karibu na stendi ya Thika. Nilipenda hasa vile vinavyoonyesha hisia kwa rangi: hasira nyekundu, furaha njano, huzuni buluu. Sikuwahi kujiuliza nani aliamua hivyo. Nilidhani ni kanuni, na mimi huogopa kanuni hata pale ambapo hakuna mtu wa kuniadhibu.

Nilipoanza kutengeneza kitabu changu, kilikuwa na msomaji mmoja tu: msichana wa miaka mitano, jirani yangu kwenye ploti ya vyumba vya kupanga huko Witeithie, karibu na Thika. Yeye na mamake walikuwa wametoka magharibi mwa Kenya. Mama alifanya kazi kiwandani Thika, na mtoto alikaa kwangu kutoka saa za nasari kuisha mpaka mama arudi jioni. Aliniita Anti. Nilimpenda kiasi cha kuona haya kusema, kwa sababu hakuwa wangu.

Kila nilipomaliza ukurasa nilimwonyesha. Siku ya huzuni nilimletea msichana aliyeketi kwenye ngazi, kila kitu buluu. Akatabasamu.

"Huyu amefurahi."

"Hapana, ana huzuni. Si unaona ni buluu?"

"Anti, buluu ni mama amefika kwa geti."

Mama yake alirudi kila jioni na ovaroli ya buluu. Nililijua hilo. Na bado nilikaa pale nikamweleza mtoto huzuni ina rangi gani.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa hamu, ile ya kumkosa mtu. Vitabu vyangu havikuwa na rangi yake. Nilijaribu kijivu, nikajaribu zambarau, nikachana. Alasiri moja nilitoka kuanua nguo, na niliporudi nikakuta ameujaza ukurasa krayoni ya kahawia, amekandamiza mpaka karatasi inang'aa.

"Hii ni nini?"

"Ni nyumbani kwa Kukhu."

Kukhu ni nyanyake. Kila Desemba, kabla ya Krismasi, nyanya huyo husiriba ukuta wa nyumba yake kwa udongo, na mjukuu huachiwa sehemu ya chini, pale mkono wake unapofika. Nilipotazama vizuri niliona michirizi iliyopinda, kama kiganja kinavyopita kwenye udongo mbichi. Nilijua ndiyo rangi niliyokuwa nikiitafuta. Lakini ilikuwa imevuka mistari yangu.

Alipoondoka nilijaribu kuifunika kwa rangi ya maji. Nta ya krayoni ikaikataa, maji yakabaki matone matone juu yake. Kwa hivyo nikamwomba keateka, mtunzaji wa ploti, mabaki ya rangi nyeupe ya ukutani, nikapaka mara mbili. Nilijiambia nitachora wazo lile lile, vizuri zaidi.

Kesho yake mtoto alifungua ukurasa ule. Akapitisha kiganja juu ya weupe.

"Umefunika kwa Kukhu," alisema, kisha akaomba chai.

Mama yake, aliyenikuta kila mara nikichora na kufuta, alicheka sana kuhusu kile kitabu. "Wewe, bado tu unafuta? Huyu ataolewa kabla umalize."

"Nipe wiki moja, mama."

Wiki zikafuatana. Desemba walisafiri nyumbani kama kawaida, na Januari mama akapiga simu kusema kazi imeisha, hawarudi. Kitabu kilibaki kwangu. Sikuwa nimempa kwa sababu ya ukurasa mmoja mweupe.

Siku hizi ninaishi Ruiru. Jioni wafanyakazi wa viwandani hupita nje ya geti letu, na nikiona ovaroli ya buluu moyo wangu huruka kwanza, halafu ndipo ninakumbuka hakuna mtoto wa kukimbia kumpokea mtu.

Wiki iliyopita nilikifungua kile kitabu. Rangi ya ukutani haikuwa imeshika juu ya nta, ilikuwa imepasuka. Nikaigusa kwa ukucha, ikabanduka kipande, na kahawia ikachungulia. Nilibandua mchana mzima. Michirizi yake ilitokea karibu yote, isipokuwa pembe mbili ambapo weupe uling'ang'ania. Mkono wangu ukaenda kwenye brashi. Nikachukua simu badala yake, nikampigia mama yake, naye akampa mtoto.

"Anti," alisema, sauti imekua, "kile kitabu je, ama bado unafuta?"

"Nimeacha."

"Basi si utume?"

Jana nilikifunga kwa karatasi ya kaki nikakipeleka Thika kwenye ofisi ya vifurushi. Karani aliuliza kama ndani kuna kitu cha kuvunjika. Nikamwambia kuna rangi inayobanduka kidogo, aiache tu ibanduke.