Vivimbe vya Mikaratusi Chini ya Blanketi

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilikuwa mtu wa nyigu. Si wale wa kuuma, wanaomfanya mtu mzima atupe ndoo na kukimbia. Wangu ni wadogo kuliko kichwa cha pini, na wanataga mayai ndani ya majani ya mikaratusi. Jani likishatiwa yai linaota kivimbe, na mtoto wa nyigu anakulia humo humo, anakula na kulala bila kutoka, mpaka siku anapotoboa tundu na kuruka zake. Kazi yangu ya kumaliza masomo ilikuwa kuainisha vivimbe vya miti ya Kibumba, vilimani nje ya mji wetu, na kusema kila aina ni ya nyigu gani.

Jirani yetu hapa mtaani Murara aliniuliza, "Sasa ile wadudu inasaidiaka nini?"

Nikamwambia haisaidii kitu, inaharibu miti. Akanionea huruma waziwazi.

Nilikuwa nimepata aina mbili. Vya kwanza vilikuwa vidogo, vya kijani, kwenye mshipa wa jani, na hivyo kila mtaalamu anavijua. Vya pili vilikuwa vikubwa, vyekundu, kwenye kikonyo, tena kwenye miti mitatu tu kando ya shamba moja la viazi. Hivi vya pili ndivyo vilivyoniibia akili. Niliamini ni vya nyigu mwingine kabisa, ambaye hakuna aliyewahi kumwandika huku kwetu, na nilikuwa nimeshaanza kuona jina langu limechapishwa kitabuni.

Profesa aliyenisimamia hakuwa mtu wa kushangilia mapema. Alinieleza kwamba kuna nyigu wengine wanaoingilia kivimbe cha mwenzao, wanamla mwenyeji, kisha wanatoka mlangoni kana kwamba ndio waliojenga. Kwa hiyo ilinibidi nifuge matawi kwenye chupa, nisubiri, nione ni nani anatoka na kutoka wapi. Bila hivyo, aina yangu ya pili ingekuwa hadithi tu. Nilimwelewa upesi. Kwetu kuna vyumba vitatu, asubuhi wanatoka watu kumi na mmoja, na ukimwuliza mpita njia mwenye nyumba ni nani atakuonyesha mama mkubwa, kwa jinsi anavyotoa amri.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Alitoka Masisi akikimbia vita, akaja kukaa kwetu wiki mbili, na wiki hizo hazijaisha mpaka leo. Chupa zangu kumi na nne za mayonezi nilizipanga dirishani mwa chumba tulicholala naye, kila moja na tawi lake la vivimbe vyekundu, na mdomo wake umefungwa kwa kipande cha shati kuukuu la baba. Mama mkubwa alizifuta vumbi kila siku bila kuuliza neno. Nilidhani anaheshimu sayansi.

Zilipobaki wiki tatu nitetee kazi yangu, nilinyeshewa Kibumba. Mvua ya kule haina adabu. Nilirudi nikitetemeka, na kesho yake kichwa kilikuwa kizito, pua imeziba, nakohoa mpaka mbavu zinauma. Saa nne asubuhi mama mkubwa aliingia na sufuria inayotoa moshi, akaniketisha kwenye kigoda, akanifunika blanketi mpaka chini.

"Vuta," akasema. "Vuta muzuri."

Nikavuta. Mvuke ulipanda puani mpaka utosini, na kwa mara ya kwanza tangu mvua ile nilipumua kama mtu.

"Mama mukubwa, hii majani ina nguvu! Umeitoa wapi?"

"Si ni yako? Nilikuonaka unapanga dawa kwa chupa, nikasema huyu mutoto iko na akili, anajua kipindi ya mafua inakuya."

Nilifungua macho. Mbele ya pua yangu, katika maji yanayochemka, vivimbe vyekundu vilikuwa vikicheza.

"Umepika ngapi?"

"Yote. Ningekunyima?"

Nililia chini ya lile blanketi, nalia na kuvuta, maana ukiwa humo huna pengine pa kupumulia. Nilikuwa nanusa utafiti wangu wa miezi minane. Mama mkubwa alinipigapiga mgongo kwa nje. "Lia tu, mutoto wangu. Ni dawa inafanya kazi." Nilikuwa na hasira ya kupindua sufuria. Lakini mkono wake ulikuwa mgongoni mwangu, na sikuweza kumwambia. Miti ile mitatu nilikuwa nimeshaichuma yote, na vivimbe vingine vingehitaji miezi kukua. Nilipona siku ya tatu, na hilo nalo liliniudhi.

Siku ya kutetea, mama mkubwa alikuja na kitenge chake cha harusi, akaketi mstari wa mbele. Jopo lilinihoji kwa Kifaransa, yeye akawa anatikisa kichwa kukubali kila sentensi, hata zile za kunipinga. Nilikuwa nimebeba chupa na lebo zake. Mwenyekiti akainua moja, akaigeuza, kisha akaacha Kifaransa, labda kwa uchovu.

"Mademoiselle, hii chupa iko bule, haina kitu. Nyigu ya pili iko wapi?"

"Ilipotea, Papa Profesa," nikasema, nikitazama chini.

Nilisikia kiti kikilia nyuma yangu.

"Haikupotea, Papa. Ni miye nilipikaka," mama mkubwa akasema, amesimama wima. "Mutoto alikuwa anakohoa sana. Nilimufukiza nayo."

Ukumbi ulikufa kwa kicheko. Mwenyekiti alivua miwani, akajifuta macho. "Na alipona?"

"Si huyu hapa anasimama?"

Walinipitisha kwa alama nzuri za nyigu wa kwanza, na wa pili wakamfuta kwa kalamu nyekundu. Njiani mama mkubwa alitangulia akiwa amebeba zile chupa tupu, na mimi niliogopa kumtazama.

Kesho yake jioni nilirudi kutoka sokoni nikakuta chupa kumi na nne dirishani, zote zimejaa, zimefungwa upya kwa vipande vya kile kitenge cha harusi. Mama mkubwa alikuwa kitandani, amevimba miguu. Alikuwa amekwenda Kibumba peke yake.

"Nimekurudishia," akasema. "Na hii ni muzuri kushinda ile yako. Yako yote ilikuwa na vipele. Hii nimechagua jani moja-moja. Hakuna hata moja yenye ugonjwa."

Nilitazama chupa ya kwanza, ya pili, zote. Majani laini, safi, bila kivimbe hata kimoja. Nilichukua kalamu, nikaandika lebo kama nilivyofundishwa: mahali: Kibumba; mti: mkaratusi; vivimbe: hakuna; mkusanyaji: mama mkubwa. Kisha nikaenda kumchemshia maji ya kukanda miguu.