Mashine ya Boti Iliyoniumbua Leo

Leo nimeua pampu iliyokuwa nzima.

Mzee mmoja mvuvi kaniletea mashine ya boti toka Ziwa Rukwa mpaka gereji kwangu, Tunduma. Tangu wiki jana haidroliki, ile ya kuinua mashine itoke majini, haiinyanyui.

Mimi fundi wa haidroliki za tipa, zinazonyanyua bodi zima la mchanga, nitashindwa na hiyo? Nikafungua pampu fasta. Sili, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, ikachanika.

Ndipo mzee akasema taratibu, "Mwanangu, betri ilipoisha tulilegeza hii skrubu ya pembeni, tuinyanyue kwa mkono. Hatukuikaza tena. Au ndiyo ugonjwa wenyewe?"

Ndiyo ugonjwa wenyewe, jamani. Skrubu hiyo ikilegea, oili inarudi ilikotoka, na pampu nzima hainyanyui kitu.

"Sasa mzee, mbona hukusema?"

"Wewe ndiye fundi. Nilisubiri uniulize."

Sili hiyo Tunduma nzima hakuna.

Mafundi wenzangu, semeni tu. Nilimpa kiti, nikamwagizia na soda. Kumuuliza ndiko kulikonishinda.