Nilimpigia mama wa padre kumwambia mwanawe kawa askofu, kumbe siye

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Hili jambo nimelibeba kifuani wiki kadhaa sasa. Humu hakuna anayeijua sura yangu, basi wallahi nalieleza lilivyotokea, hata pale linaponichoma.

Mimi ni Mndengereko, Muislamu, nina stationery hapa Kibiti. Photocopy, passport size, mambo ya vyeti. Rafiki yangu mkubwa ni padre. Mnaoshangaa mtanisamehe, ndivyo tunavyoishi huku. Alianza kama mteja, anakuja kutoa copy za nyimbo za kwaya, tukazoeana mpaka Ramadhani anafuturu kwangu. Nitamwita Padre Deo.

Wakatoliki huku ni wachache, wengi watumishi wa serikali waliohamishiwa. Padre akienda delta kuwaona waumini wake wa visiwani, network inakata. Mama yake yuko bara, kijijini, mjane, na mtoto ni huyo huyo mmoja. Kwa hiyo Padre alimpa namba yangu. Simu yake isipopatikana, Bi mkubwa ananitafuta mimi.

"Mwanangu, mwenzio kafika?"

"Kafika, mama."

Imekuwa hivyo miaka.

Sasa siku hiyo Padre yuko delta, mimi nipo dukani, group la mtaa likawaka. Screenshot: Baba Mtakatifu kateua maaskofu wapya. Jina la kwanza Deogratias. La pili, lile lile la Padre wetu. La tatu limekatwa na ukingo wa picha.

Nilipiga kelele mpaka mteja akaangusha vyeti vyake.

Nikamkimbilia katekista wao, Mzee Kosmas. Akaniambia, "Ngoja arudi, tumuulize mwenyewe." Nikamwona mwenye wivu. Hilo nalo linaniuma.

Nikampigia Bi mkubwa.

"Mama, hongera! Mwanao kawa askofu!"

Nikasikia simu imedondoka, na yeye analia huku anapiga vigelegele. Nyuma yake sauti za majirani zinauliza kuna nini.

Nikaweka status. Aisee, watu! Wengine wanashangilia, wengine "kabila lile lile tena", wengine wananiuliza mimi Muislamu maaskofu wananihusu nini. Nikabishana nao mpaka chaji ikaisha.

Kesho yake Padre anarudi. Tukaenda kumpokea bandarini Nyamisati, bodaboda zimefungwa matawi, Wakatoliki na sisi Waislamu tumechanganyika. Wanawake wakatandika khanga kuanzia pale boti zinapofungwa. Padre akashuka suruali kaikunja, tope la mikoko mpaka magotini, anacheka. Alidhani ni harusi.

Muuguzi mmoja wa zahanati akapiga goti, akamshika mkono aubusu.

"Baba Askofu!"

Padre akauvuta mkono wake. "Askofu nani, mama? Inuka."

Nikampa simu asome. Akasoma, akatabasamu. "Huyu namjua, nilisoma naye seminari. Majina yetu mawili yanafanana. Jamani, mtu huulizwa kwanza kama anakubali. Mimi nani kaniuliza?"

Vigelegele vikafa. Wanawake wakaanza kuokota khanga zao, hakuna anayemtazama mwenzie.

Padre alinishika bega, nadhani alitaka kunitania. Ndipo nikamwambia, "Padre, nimeshampigia Bi mkubwa."

Mkono ukatoka begani.

Akapiga pale pale, nimesimama pembeni yake. Upande wa pili nilisikia ngoma.

"Mama, ni Deo. Si mimi, mama. Ni mwenzangu, tunafanana majina." Akasikiliza. "Hapana, sijanyang'anywa. Sikuwahi kupewa." Akasikiliza tena, muda mrefu. "Ndiyo, chakula waache wale. Wamuombee huyo mwingine."

Ngoma iliendelea kidogo, kisha ikakoma.

Padre hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Juzi nikajikaza, nikampigia Bi mkubwa kumuomba radhi. Akanisalimia vizuri tu, akawaulizia wanangu kwa majina. Halafu akasema:

"Sokoni siku hizi naitwa Mama Askofu. Watoto wananiamkia hivyo, wanakimbia wanacheka. Nilicheza mbele za watu, mwanangu, na miguu yangu hii. Sasa hata chumvi namtuma jirani."

Wakuu, nilifunga duka mchana kweupe nikaenda kulala, na usingizi haukuja.

Nilichojifunza: habari njema ya mtu ni yake, mwache aitoe kwa mdomo wake. Mimi nilitaka niwe wa kwanza kuipeleka. Nikijichunguza sawasawa, furaha ile nusu ilikuwa ya rafiki yangu, nusu ilikuwa ya kuonekana mimi ndiye niliyejua. Na aliyelipa ni mama wa watu.

Mwezi ujao Padre anakwenda kwao likizo. Kaniambia, "Twende wote, mama anakuulizia." Nimeitika, lakini kila nikifikiria uani kwake na wale majirani, naanza kutafuta kisingizio cha kubaki dukani.

Wenye wazazi vijijini, nipeni maneno. Nikifika pale, mbele ya watu waliomcheka, naanzia wapi? Hata mkinitukana nitasoma, nimestahili.